DT830D, ile mita ndogo ya kupimia umeme (maltimita) ya bei chee: inatosha kupimia kompresa?

Mafundi friji wengi bongo tumeanza na hii kitu, na mimi natembea nayo kwenye begi hadi leo japo klampu mita ninayo, kwa hiyo nimeona niiseme vizuri kwa sababu vijana wanauliza sana kama DT830D inafaa kupimia kompresa au ni kutupa hela. Yangu niliichukua Kariakoo elfu kumi na mbili. Msimamo wangu ni huu: kwa friji na friza za nyumbani inatosha kabisa, kwa AC inasaidia ila usiitegemee peke yake, na kwa kupima waindingi (koili za waya ndani ya mota ya kompresa) kama inavujisha umeme kwenye bodi (chuma cha nje cha kompresa), hapo sio kazi yake, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Tuanze na inapofanya vizuri. Kompresa ya friji ya kawaida (sio inveta, ile inayobadili kasi yake) ina pini 3: C ni ya pamoja, S ni ya waindingi ya kuanzishia (stati) na R ni ya waindingi ya kuendeshea (rani). Unachomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi tu, unavua kikava cha pembeni, unatoa rilei (ya kuwashia) na ovalodi (kinga inayokata umeme kompresa ikichemka) zibaki pini tupu, mita unaiweka kwenye 200 ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Kabla ya yote gusanisha ncha za waya za mita zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi, yangu inasoma 0.5, hiyo ni ya waya za mita na unaitoa kwenye kila kipimo. Halafu pima pini mbili mbili. Juzi kwenye friji moja nilipata, baada ya kutoa hiyo 0.5, 14.2 kati ya C na R, 21.5 kati ya C na S, na 35.7 kati ya R na S. Jumlisha hizo mbili za kwanza uone. Zikijumlishika hivyo waindingi zote mbili zipo, na hata kama pini hazijaandikwa unajua ipi ni ipi: pini mbili zinazotoa namba kubwa kuliko zote ni R na S, ile inayobaki ni C, na kutoka C upande wenye omu chache ni R. Kwa mita ya elfu kumi na mbili kazi hiyo inafanyika safi kabisa sina lawama.

Kuna kitu kimoja kwenye skrini yake lazima ukijue. Waya ikiwa imekata ndani haiandiki neno lolote, inaweka tu "1" peke yake kushoto. Nimeona kijana anasoma hiyo anasema omu moja, kumbe mita inamwambia hakuna njia kabisa! Na ule mlio wa "piii" usiutumie kupimia waindingi jamani, unalia kwenye omu chache zozote, waindingi nzima italia na iliyopiga shoti nusu italia vilevile. Namba ndio inaongea.

Sasa ile hali inayofanya kompresa nyingi nzima zihukumiwe kuwa zimekufa. Kuna gesti moja Mbagala, dada mwenye nyumba kaniita, AC ya BTU 12000, fundi aliyetangulia kamwambia "dada kompresa imekata waya, andaa ya kununua nyingine." Nikazima breka, nikatoa chaji kwenye kepasita (kifaa kinachosaidia kompresa kuwaka), nikapima. C na R ikaja 1, C na S ikaja 1, ila R na S inasoma vizuri tu. Nikaweka kiganja juu ya kompresa, haishikiki kwa moto. Kompresa ile ovalodi yake iko ndani, imeungwa upande wa C, ikichemka inakata njia na inachukua muda mrefu mpaka ipoe ndio irudi. Nikamwambia dada tusubiri, nikaanza kuosha kondensa iliyokuwa imejaa vumbi na manyoya, baadaye napima tena namba zote tatu zimerudi. Kepasita ilikuwa imechoka, tukaweka mpya, AC ikawaka. Ukiona C imekata pande zote mbili halafu R na S inasoma, usihukumu mpaka ipoe kabisa, hiyo ni haki ya mteja kwa sababu kompresa ni hela nyingi.

Kwa hizo AC ndio mita hii inaanza kupwaya. Waindingi ya rani unakuta ni omu 2 au 3 tu, waya nyembamba za mita zinakula nusu omu, na betri ya volti 9 ikichoka namba zinayumba zaidi, kwa hiyo shoti ndogo ya mizunguko michache inaweza kukupita hivi hivi. Kwa kompresa za inveta unaangalia pini zote tatu zisome sawa, U, V na W, ila tofauti ndogo ndio ya muhimu na mita hii haioni tofauti ndogo.

Na kuhusu bodi. Unakwangua rangi mpaka chuma kionekane, unaweka waya moja hapo na nyingine kwenye pini, mita kwenye 2000k. Ikisoma namba yoyote usiwashe hiyo kompresa. Lakini ikiweka 1 usishangilie, mita inapima kwa volti chache tu za betri wakati kompresa itakula 230, varnishi iliyochakaa inayofunika waya za waindingi inavumilia betri halafu inapasuka kwenye umeme wa ukutani. Hapo inatakiwa mega (mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa) ya volti 500, na mimi chini ya megaomu 1 siikubali. Mega nayo usiipige wakati mfumo uko kwenye vakyumu (hewa imenyonywa yote), cheche zinaruka ndani unaua waindingi iliyokuwa nzima.

Ubaya mwingine wa DT830D: waya zake zinakatika ndani karibu na mpini, tundu la 10A halina fyuzi, skrini haina taa na nyuma ya friji ni giza. Na tafadhali usipime umeme unaowaka kwenye pini za kompresa kikava kikiwa wazi, pini zinaweza kuchomoka na mafuta na gesi, na friji za siku hizi nyingi zina gesi ya R600a ambayo inashika moto.

Kwa kifupi fundi wa friji inunue, wa AC inunue halafu jichange upate mega. Dukani usichukue ya kwanza unayopewa kwa sababu zinatengenezwa na viwanda vingi na ubora haulingani: weka 200 ya omu, gusanisha ncha, ikizidi omu 1 au namba ikirukaruka ukitikisa waya, mwambie akupe nyingine.