Maduka ya bunduki za kifahari London: pauni laki moja inaenda wapi?

Niseme mapema ili asiyetaka kusoma yote asipoteze muda. Kama unapenda kazi ya mikono, ya chuma na mbao, basi ukifika London tenga siku ya kuzunguka Mayfair na St James's uone maduka ya watengeneza bunduki, hata kama huna mpango wa kununua kitu, maana kuna kazi pale ya kiwango ambacho sehemu nyingi za dunia kilishapotea zamani na pale bado mtu anaamka asubuhi anaenda kuifanya. Ila ukitaka shotigani ya kwenda nayo kuwinda ndege, hiyo ni hesabu nyingine kabisa, ntaifikia.

Tuanze na Purdey kwa sababu kila mtu anaanzia pale. James Purdey alianza biashara 1814, na jengo lao la sasa, Audley House, liko kona ya South Audley Street na Mount Street, alilijenga mwanae miaka ya 1880. Tangu 1994 kampuni iko chini ya Richemont, wale wa Uswisi wenye Cartier, na ukiingia unaliona hilo haraka maana kuna makoti, sweta, mikoba na vitu vingine kibao vya mtu anayetaka jina bila bunduki. Sina ugomvi na makoti, yanalipa bili. Lakini uombe uonyeshwe Long Room, chumba kirefu chenye meza ndefu na picha za wakubwa wa zamani ukutani, hapo ndipo wateja wamekuwa wakikaa kuagiza bunduki zao kwa zaidi ya miaka mia moja, na mi nakwambia hata kama hujali kabisa mambo ya ufalme na masultani utajikuta unaongea kwa sauti ya chini. Piga simu kabla hujaenda, ni ustaarabu, na unapata mtu wa kukuelezea vizuri badala ya kukukimbiza.

Sasa bunduki yenyewe. Ile ya mitutu miwili ya ubavu kwa ubavu, kaliba 12, ina uzito wa kilo 3 hivi, na ukiishika mara ya kwanza unashangaa mbona nyepesi, halafu unagundua sio wepesi tu, ni kwamba uzito wote umekaa katikati ya mikono yako, mbele haivuti na nyuma haivuti. Ukiifungua inajifungua yenyewe, yaani unasukuma kile kilevaa cha juu na mitutu inashuka bila wewe kuibana na goti. Huo mtambo ulibuniwa na Frederick Beesley, fundi aliyewahi kufanya kazi hapohapo, akawauzia hataza yake 1880, na mpaka leo wanautumia. Siri yake ni kwamba springi zinazofyatua ndizo hizohizo zinazofungua bunduki, kwa hiyo unapoifunga wewe ndo unazikaza, ndio maana kuifunga inataka nguvu kidogo. Watu wengine hawaipendi hiyo, mi naona ni sawa, siku ya ndege wengi ile kasi ya kufungua inakulipa.

Na angalia skrubu. Hiki kitu ukishaonyeshwa huwezi tena kuacha kukitafuta kwenye kila bunduki unayokutana nayo. Kwenye bunduki bora, ile mistari ya vichwa vya skrubu yote inalala kwa urefu wa bunduki, inaelekea mtutu ulipoelekea, kila moja, bila hata moja kupinda. Sio bahati. Fundi anaacha kichwa kikubwa kuliko kinavyotakiwa, anakaza skrubu mpaka ikamate sawasawa mstari ukiwa umenyooka, halafu ndo anakikata na kukisawazisha na chuma kinachokizunguka, kisha nakshi inapita juu yake kama hakuna skrubu kabisa. Ukikuta bunduki ya zamani ambayo mistari imepinda huku na huku na imechubuka, ujue kuna mtu aliifungua na bisibisi ya mezani.

Bei. Haya, Purdey mpya ya saidiloki, yaani ile ambayo mtambo wa kufyatulia umefungwa kwenye mabamba mawili ya pembeni, inaanzia juu ya pauni 100,000 na hapo hujaweka VAT ya asilimia 20, hujaweka mchora nakshi wa jina, hujaweka mitutu ya pili wala kasha la ngozi. Na wawindaji wa kule wenye pesa huwa wanaagiza jozi, bunduki mbili pacha, kwa sababu kwenye uwindaji wa kusukumiwa ndege kuna msaidizi nyuma yako anayejaza moja wakati wewe unapiga na nyingine. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Unalipa kwa awamu, na unasubiri miaka, miwili au zaidi ni kawaida.

Mtu anauliza, inawezekanaje kitu cha chuma na ubao kiwe bei ya nyumba? Jibu ni saa za kazi za watu. Bunduki moja inapita kwa fundi wa mitutu, fundi wa mtambo, fundi wa kitako, fundi wa vile vidude vinavyorusha maganda, mchora nakshi, na mmaliziaji, na kila mmoja wao amesoma kazi hiyo moja kwa miaka kabla hajaruhusiwa kugusa bunduki ya mteja. Chukua fundi wa kitako tu. Analetewa gogo la wolnati, mara nyingi la kutoka Uturuki, ambalo limekaushwa miaka na lenyewe peke yake linaweza kugharimu maelfu ya pauni kama mistari yake ni mizuri. Ana taa ndogo ya mafuta inayotoa moshi mweusi. Anapitisha chuma juu ya moshi mpaka kinakuwa na masizi, anakikandamiza kwenye ubao, anakitoa, anaangalia masizi yamegusa wapi, anakwangua pale tu palipogusa, unyuzi mmoja, anarudia. Tena. Tena. Siku nzima, kesho yake tena, mpaka chuma na ubao vinagusana kila mahali na huwezi kuingiza hata karatasi. Halafu mafuta ya kitani yanasuguliwa kwa kiganja tabaka kwa tabaka kwa wiki kadhaa. Mashine za kompyuta siku hizi zinatumika hata huko kukata vyuma vya mwanzo, hawafichi, na mi sioni ubaya, lakini ile kazi ya masizi bado ni jicho na mkono. Ndio maana nasema unanunua saa za mafundi, na ukilinganisha na saa ya mkononi ya bei hiyohiyo inayotoka kiwandani kwa maelfu, bunduki hii ndo imebeba jasho zaidi.

Holland & Holland wameanza 1835, mwanzilishi Harris Holland alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, na bunduki yao ya Royal kwa macho yangu ndo saidiloki nzuri kuliko zote kwa sura. Nakshi yao ni majani makubwa yaliyochongwa kwa kina, ya Purdey ni midogo midogo ya waridi iliyofumana, we chagua. Kuna kilevaa kidogo kwenye bamba la kushoto, unakizungusha kwa vidole na mtambo mzima unatoka bila bisibisi. Ilikuwa ya Chanel tangu 1989, 2021 ikaenda kwa kundi la Beretta, na kwa maoni yangu bunduki kurudi kwa watu wa bunduki ni habari njema. Uwanja wao wa kulengea shabaha uko Northwood, pembezoni mwa London, na huko ndo ningemshauri mtu atumie pesa zake za kwanza: somo na kupimwa kwa bunduki ya vipimo, ile yenye kitako kinachokunjwa na kurefushwa kwa skrubu, mwalimu anakuangalia unavyoiinua anakurekebishia mpaka jicho, mbavu ya mtutu (ule ukanda wa chuma unaopita juu yake) na shabaha vinakuwa kitu kimoja. Hivyo vipimo ukivipata ni vyako, ukanunue bunduki popote.

Boss nao, tangu 1812, hawa wanajulikana kwa kutengeneza bunduki bora tu bila daraja la pili, triga moja ya kufyatulia mitutu yote miwili ya 1894 na ile ya mtutu juu ya mtutu ya 1909 ambayo ni nyembamba na ya kupendeza mpaka leo watu wanaiiga. Ukipata nafasi ya kuishika Boss ya juu-na-chini, usiikose.

Huduma kwa ujumla ni nzuri ila sio kila mahali. Kuna duka moja, sitalitaja, jamaa alinikagua viatu kabla hajanisalimia, kila swali nililouliza kuhusu mitutu likajibiwa na bei. Hiyo iliniuma kwa sababu kazi yenyewe ukutani ilikuwa nzuri sana, na vijana wanaopenda vitu hivi wakipokelewa vile hawarudi, na bila wao miaka thelathini ijayo nani ataagiza? Sehemu nyingine fundi mzee aliacha kazi yake akanivulia mtambo mzima mezani anionyeshe springi, bila kuniuliza nanunua nini. Tofauti ni kubwa mno.

Usiishie London. Birmingham ndiko bunduki nyingi za Uingereza zilikotengenezwa, zikiwemo nyingi zenye majina ya maduka ya mikoani. Westley Richards bado wako huko, nao ni wa 1812, na ndani ya karakana yao Anson na Deeley walibuni boksiloki 1875, mtambo uliofichwa ndani ya chuma cha katikati badala ya mabamba ya pembeni, rahisi zaidi, imara, ukaigwa dunia nzima. Toleo lao la kifahari lina kifuniko chini, unakifungua unachomoa mitambo miwili kwa vidole. Nikiwa na pesa ya bunduki moja tu mpya ya Kiingereza ningeenda kwao, hapo nasema kwa moyo kabisa.

Kwa sisi wengine soko la mitumba ndo mahali pake. Boksiloki nzuri ya Birmingham isiyo na jina kubwa unaweza kuipata mnadani kwa mamia ya pauni tu, Purdey ya miaka mia iliyopita yenye hali ya kutumika inaweza kuuzwa chini ya pauni 10,000, yaani sehemu ndogo sana ya bei ya mpya na masizi yaleyale yalishapita pale. Mhispania naye yupo, kampuni ya AYA ya mji wa Eibar, bunduki yao namba 2 inafuata mtambo wa Holland, ni bunduki ya kufanya kazi na inauzwa bei ya binadamu.

Lakini mitutu, jamani, mitutu. Thamani yote ya bunduki kuukuu iko hapo. Kila kutu ikisafishwa ndani, ukuta unapungua, na ukishuka chini ya elfu 20 za inchi, hiyo ni nusu milimita tu, mafundi wengi wanaanza kutikisa kichwa. Muuzaji mmoja wa mitumba alinihakikishia mitutu ni "safi kama kioo", na ilikuwa inang'aa kweli, kumbe imeng'arishwa mpaka imebaki kama kopo, kipimo cha fundi mwingine ndo kilisema ukweli. Kung'aa sio kipimo. Omba unene upimwe mbele yako. Ning'iniza mitutu kwenye kidole igonge taratibu, ikilia kama kengele na sauti ikadumu, maungio ni mazima, ikitoa mlio mfu kuna mbavu imeachia mahali. Angalia mihuri ya majaribio, ya London ambako chama cha watengeneza bunduki kilipata hati yake 1637, au ya Birmingham ya 1813, maana kila bunduki inapigwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, na kuuza isiyo na muhuri halali ni kosa kule. Angalia pia urefu wa chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, nyingi za zamani ni milimita 65, risasi za milimita 70 zenye nguvu sio zake.

Kununua na kuondoka nayo ukiwa Uingereza lazima uwe na cheti cha shotigani kutoka polisi, kinadumu miaka 5, na wanakuja kuangalia utaifungia wapi. Mgeni wa nje mara nyingi muuzaji ndo anaisafirisha, na ikitoka nchini hivyo VAT haitozwi, ila vibali vya unakoipeleka ni kazi yako kabla hujalipa hata senti.

Na kuna hili la risasi za plumbi, ile metali laini na nzito. 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuzipiga marufuku, baada ya kipindi cha mpito cha miaka 3, na bunduki nyembamba za zamani hazipendi marisau ya chuma kigumu, kwa hiyo wengi wanaziuza na bei zimelegea. Marisau ya bismuthi, metali nyingine iliyo laini, yanazifaa, ni ghali, lakini kwa mtu anayepiga risasi chache kwa msimu bado hesabu inakubali. Ukiona saidiloki ya heshima mnadani msimu huu, uliza vipimo vya mitutu kwa maandishi kwanza, ndo uinue mkono.