Strasbourg siku mbili na shangazi: lala Kehl, saa ya mitume usiikose

Nianze na kosa langu mwenyewe. Onesho la ile saa kubwa ya kanisa kuu la Strasbourg, Ufaransa, mtandaoni limeandikwa 12:30, na mimi kwa kukaa Ujerumani miaka mingi kichwa kishaharibika, nikamwambia shangazi usiku "kesho tuwe kule saa kumi na mbili na nusu". Shangazi katoka Tanga juzi tu, kwake kumi na mbili na nusu jua lishazama. Asubuhi kaoga kwa raha zake, kanywa chai, karudi kujilaza, saa tano kasoro namgongea ananiuliza haraka ya nini baba, si jioni? Tulitoka pale mbio mbio, mtandio kauvalia kwenye tramu.

Sasa kuhusu kulala. Sisi hatukulala Strasbourg, tulilala Kehl ambayo ni Ujerumani, ng'ambo ya mto Rhine, na huu ndo ushauri wangu namba moja kwa mtu asiye na hela za kuchezea. Tangu 2017 tramu ya laini D inavuka daraja inakuja mpaka Kehl, kwa hiyo unalala nchi hii unatembea nchi ile, tofauti ya bei ya chumba ilitulipia chakula cha siku nzima. Hoteli yenyewe siitaji jina kwa sababu ukuta ulikuwa kama wa karatasi, jirani akikohoa unamwambia pole, ila mashuka masafi na stesheni ipo karibu. Tiketi ya tramu chukua ya masaa 24, ipo ya mtu mmoja na ipo ya watu wawili mpaka watatu, na uigonge kwenye mashine pale kituoni KABLA hujapanda, ukisahau wakaguzi hawana undugu. Pasipoti mtembee nazo, sisi polisi walipanda tramuni wakati tunarudi wakaziangalia, wakamsalimia shangazi vizuri tu.

Haya, kanisa. Hata kama si dini yako ingia, kuingia ni bure, unacholipia ni kuona saa au kupanda juu. Limejengwa kwa mawe ya rangi ya waridi na mnara ni mmoja tu, wa pili haukujengwa, huo mmoja una mita 142, na toka 1647 mpaka 1874 ndo lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Kupanda ngazi ni 332 hadi kwenye baraza ya juu. Nilipanda peke yangu, shangazi akasema magoti yake hayakuja Ulaya kwa ajili hiyo.

Saa ndo yenyewe. Ipo ndani, inaenda juu mita 18 hivi, na mitambo iliyopo sasa aliitengeneza fundi mmoja anaitwa Schwilgué kati ya 1838 na 1842, inakokotoa mpaka tarehe ya Pasaka ya kila mwaka kwa meno ya chuma tu. Saa sita mchana wanaonesha filamu ya maelezo, tulisimama nyuma ya nguzo sioni kitu. Halafu saa sita na nusu kanisa zima kimya, watu simu juu, sanamu za mitume zinapita moja moja mbele ya Yesu, na kule juu kushoto jogoo anatandaza mabawa anawika mara tatu. Sauti yake mbovu mbovu, kama baiskeli imekosa grisi. Shangazi hakuwa na habari na mitume, alimkodolea macho yule Mauti anayepiga kengele, chini yake wanapita mtoto, kijana, mtu mzima na mzee. Akasema polepole "huyu mzee wa mwisho ndo mimi", nikamwambia acha hizo shangazi. Jumapili halionyeshwi, msije mkajichanganya kama mimi.

Petite France, mtaa wa nyumba za mbao na maji, mzuri kweli ila saa nane mchana haupitiki, nendeni asubuhi. Zamani walikaa watengeneza ngozi, ndo maana mapaa yana madirisha mengi ya kupitisha upepo wa kukaushia. Na jina halijatoka kwenye mapenzi kama mnavyodhani, limetoka kwenye hospitali ya wagonjwa wa kaswende, enzi hizo wakiuita ugonjwa wa Kifaransa. Hii nilimsimulia shangazi akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Hapo jirani kuna yanaitwa Madaraja Yaliyoezekwa ambayo hayana paa hata kipande, yalishaezuliwa karne ya 18 jina likabaki, mkayaangalie mkiwa juu ya ukuta wa kuzuia maji wa Vauban, hapo hamlipi kitu na picha zinatoka safi.

Boti ya kuzunguka mji nitaipa wastani. Ina kioo juu, ndani joto, unapewa hedifoni za lugha kibao Kiswahili hamna, kwa hiyo mimi ndo nikawa redio saa nzima. Ilipofika kwenye geti la maji, ile boti inafungiwa halafu inapandishwa na maji yenyewe, hapo shangazi kafurahi kama mtoto. Majengo ya Bunge la Ulaya kayaangalia kapiga mwayo.

Chakula, Waislamu sikilizeni. Chakula cha pale ni tarte flambée, unga mwembamba kama chapati ya maji iliyokauka, juu krimu, vitunguu na vipande vya NGURUWE. Ipo ya uyoga, lakini sema mara mbili. Mgahawa mmoja, jina naliacha, niliomba ya uyoga bila nyama, mhudumu kaitikia kabisa, imekuja kwenye ubao wake wa mbao vipande vinang'aa juu. Walibadilisha, ila bili walitaka kutuwekea zote mbili, ikabidi nikaze sauti. Usiku tukaishia kwa Mturuki, shangazi akala vizuri. Msikiti mkubwa upo pia, ulizinduliwa 2012, unatulia sana, tulisali laasiri pale.

Desemba kuna soko la Krismasi maarufu, watu kama siafu na vyumba bei inapaa, mimi siendi. Na manunuzi malizeni Jumamosi maana Jumapili maduka mengi yanafungwa. Shangazi aliona bakuli la udongo la kuchomea keki, lenye maua, nikamwambia tulia tutalipitia kesho. Mpaka leo ananitumia voisi, anauliza bakuli lake limefika wapi.