Inkscape, Canva na wenzake: kilichotufaa kikundi chetu cha Ujiji bila hela ya leseni

Hii ya programu za bure za kudizaini naandika kwa ajili ya wenzangu wa vikundi, klabu za mashuleni na asasi ndogo, wale ambao tukio likikaribia mnaanza kuulizana nani anajua kudizaini na hela ya kumlipa fundi itatoka wapi. Sisi tuko Ujiji, tunasafisha fukwe za ziwa, watu kumi na nne hivi, nusu yetu wanafunzi wa sekondari. Kompyuta tunayo moja, ya mtumba, RAM 4GB, zaidi ya hapo ni simu za watu.

Nianze na bango maana ndo lilitufundisha yote. Tulikuwa tunajiandaa na Siku ya Mazingira Duniani, ile Juni 5, tukachanga tukaenda kuprinti bango la mita 3 kwa 1 kwa fundi mmoja wa huku mjini. Nembo yetu ina samaki mgebuka na mawimbi, tuliitengeneza kwenye simu kwa app ya PixelLab ikahifadhiwa kama picha ya kawaida tu, na kwenye kioo cha simu ilikuwa inang'aa kweli. Bango lilipokunjuliwa, samaki amekuwa vijiboksi vijiboksi, ukisimama hatua tatu huoni jicho wala pezi, afu neno TANGANYIKA limekatwa "KA" ya mwisho kwa sababu kompyuta ya fundi haikuwa na ile fonti yetu, ikaweka ya kwake pana zaidi na hakuna aliyekagua kabla ya kuprinti. Hela ilishatoka. Tulilisimamisha hivyo hivyo pale Kibirizi na iliniuma sana, maana wale watoto walichangia hela zao za vitumbua.

Baada ya hapo ndo nikaanza kutafuta kwa dhati. Photoshop, ile programu kubwa ya kuhariri picha, kihalali ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi, kila mwezi, sisi hatuiwezi, na ile ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, tuliyoletewa kwenye flashi ilikuja na virusi vikaficha mafaili yetu yote, kwaiyo msirogwe kupita njia hiyo.

Iliyotuokoa ni Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Iko tangu 2003, ni ya bure kabisa, siyo bure ya siku saba, na leseni yake inakuruhusu kuigawa kwa yeyote. Kuipakua ilinilia bando la kama MB mia na ushee, mara moja tu, afu nikaiweka kwenye flashi na tangu hapo haijaniomba intaneti wala akaunti, na kwa sisi ambao bando linanunuliwa la siku hilo ni jambo kubwa. Yenyewe inachora kwa vekta, maana yake mchoro unahifadhiwa kama mistari na mikunjo, hauhifadhiwi kama vidoti vya rangi, ndo maana ukiukuza kutoka kadi ya mkononi mpaka bango la ukuta unabaki vilevile. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikaa na yule mgebuka jumamosi nzima. Aliweka ile picha ya zamani kwa chini akaanza kupita juu yake kwa kalamu, nodi moja baada ya nyingine, yaani zile nukta za kwenye mstari, kila nodi ina vipini viwili unavivuta mpaka mkunjo ukae, mkia peke yake ulimchukua kama saa nzima maana ulikuwa unakaa kama wa sato na yeye kwao ni wavuvi, hakukubali. Alipomaliza tukazumu mpaka jicho la samaki likajaa kioo kizima na mstari bado umenyooka. Watu walipiga makofi aisee.

Ile shida ya fonti nayo ina dawa humo humo. Kabla ya kupeleka kazi kwa fundi chagua maandishi yote ubonyeze Shift, Ctrl na C, yanageuka kuwa michoro, hapo kompyuta ya fundi haina tena cha kubadilisha hata kama hana fonti yako. Ila hifadhi kopi nyingine kabla hujafanya hivyo, kwa sababu yakishageuka huwezi kurudi kurekebisha herufi. Jamani na kingine, mkichagua fonti jaribuni kwanza kuandika "ng'ambo" na "ng'ombe", kuna fonti nzuri nzuri za bure kile kikoma cha juu hazina kabisa, unapata kiboksi katikati ya neno.

Ubaya wake, siku za mwanzo inatisha, vitufe vingi na sisi tuliitumia kwa Kiingereza, mtu mpya anahitaji wiki mbili tatu na wa kumwelekeza. Pia siyo ya kufanya kazi watu watano kwa pamoja, faili linatembea kwa flashi, tumekubaliana kila mtu aandike tarehe kwenye jina la faili la sivyo mnaprinti la zamani.

Hapo kwenye kufanya kazi pamoja Canva, ile ya kudizaini mtandaoni, ndo kiboko. Mmoja yuko Mwandiga, mwingine Gungu, wote mko ndani ya posta moja unaona mwenzako anasogeza picha, na inafanya kazi kwenye simu. Mtoto wa darasa la saba anatoa posta ya kueleweka ndani ya nusu saa. Toleo la bure linatosha kwa vitu vya WhatsApp, lakini kutoa mandhari ya nyuma ya picha, kubadili saizi kwa mkupuo na kupakua PDF yenye rangi za kuprintia ni mpaka ulipie. Ila wana mpango wa bure kwa walimu na wanafunzi wa shule za msingi na sekondari, na mwingine kwa asasi zisizo za faida zilizosajiliwa, mnaomba na nyaraka zenu wanahakiki. Mwanafunzi wa chuo kikuu asijichanganye, ule wa shule haumhusu. Kinachonifanya nisiiweke kwanza ni kwamba inategemea sana mtandao, na mtandao ukiwa wa kusuasua jioni moja inaondoka na bando la wiki.

Jarida letu la kurasa nane tulifanyia Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo ya bure. Siyo nzuri machoni, kiukweli, lakini rangi za printa inazijua vizuri, zile nne za wino, wakati Inkscape hapo ni dhaifu. Bluu yetu ya ziwa, ile kali ya kwenye kioo, kwenye karatasi hutoka imepoa na kuelekea zambarau, Scribus inakuonyesha mapema ukaibadili. Kurasa zipangeni kwa nne nne, 8 au 12, maana karatasi moja ikikunjwa ina nyuso nne, ukileta kurasa 10 utabaki na nyeupe.

GIMP ya kusafishia picha tunayo, haina neno. Photopea inafunguka kwenye kivinjari na inasoma mafaili ya Photoshop, kwaiyo mtu akikutumia PSD usihangaike. Affinity tangu Oktoba 2025 imekuwa bure baada ya Canva kuinunua 2024, ni programu ya kudizaini ya kazi kubwa, ila kompyuta yetu haikuiweza, mwenye mashine ya nguvu ajaribu.

Kwa hiyo kama mna kompyuta moja nzee na bando la kuunga, wekeni Inkscape kwanza, mfundisheni mtu mmoja mwenye subira ndo awafundishe wengine, Canva iwe ya posta za haraka. Na fundi msimwachie aprinti mpaka akuonyeshe kwenye kioo chake, kwa ukubwa halisi, herufi kwa herufi.

Sisi jumamosi asubuhi tunakuwaga pale ufukweni Kibirizi. Aliye Kigoma aje na flashi yake, tutamwekea Inkscape na Scribus bure, na faili la mgebuka aone nodi zilivyopangwa.