Darubini ya Kutazamia Ndege: Ipi Itadumu Huku Kwetu?

Muuzaji atakuambia haraka darubini inavuta mbali kiasi gani. Wewe muulize kwanza kama imezibwa. Huku kwetu darubini haifi kwa uzee. Inauawa na vumbi la Amboseli, chumvi ya Tanga na unyevu wa misitu ya Amani.

Iliyozibwa sawasawa imejazwa gesi kavu ndani, naitrojeni au agoni, na viungo vyake vina mipira ya kuzuia maji. Isiyozibwa ikikaa Pwani kwenye joto na unyevu, kuvu huota kwenye lenzi kwa ndani: nyuzi nyeupe nyembamba zinazotandaa kutoka ukingoni. Kuvu ikishakula tabaka la juu la lenzi, hata fundi akiisafisha alama inabaki. Soma pia boksi kwa makini, maana kustahimili manyunyu si sawa na kutopitisha maji.

Zote ninazozipanga hapa ni 8x42, au karibu sana na hapo. 8 ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 10, lakini mtetemo wa mkono nao unakuzwa, na kwa kipenyo kilekile 10 hufikisha mwanga mdogo zaidi jichoni, ilhali alfajiri chini ya miti unauhitaji.

Namba moja kwangu ni Nikon Monarch M5 8x42. Ina gramu 630 hivi, kwa hiyo shingo haitakulaumu jioni, na mtengenezaji anasema inavumilia kina cha mita 1 ya maji kwa dakika 10. Vioo vyake vya ED, yaani vioo maalumu visivyotawanya rangi sana, hupunguza ule ukingo wa zambarau unaomzunguka tumbusi dhidi ya anga nyeupe. Bei yake ng'ambo ni kama dola 300, kabla ya usafiri na kodi.

Vortex Diamondback HD 8x42 inaifuata kwa karibu. Imejazwa agoni, na dhamana yake ni ya maisha, haidai risiti, na humfuata hata mnunuzi wa pili. Lakini dhamana hiyo ina maana tu kama unaweza kuirudisha kwao Marekani. Mwenye shemeji Marekani anayekuja kila Desemba aiweke namba moja. Asiye naye asiilipie dhamana ambayo hataitumia.

Ya tatu ni Swarovski EL ya mtumba, na hii nawashauri waongoza watalii peke yao, kwa sababu kwao ni kitendea kazi kinachorudisha hela. Imetengenezwa Absam, Austria. Vikombe vyake vya macho vinafunguka kabisa, ukatoa mchanga uliojificha chini yake. Ila mtumba usinunue kwa picha za WhatsApp. Ishike mkononi, mulika tochi upande wa lenzi kubwa, kisha chungulia upande wa pili utafute kuvu au ukungu. Halafu tazama nguzo ya umeme iliyo mbali. Ukiona mbili, au macho yakavutwa hadi kichwa kikaanza kugonga, ilishaanguka na mirija yake miwili haiko sambamba. Iache hapo hapo.

Mwanafunzi au klabu ya shule wachukue Celestron Nature DX 8x42. Ganda lake ni plastiki ngumu na pembeni picha hufifia, lakini nayo ina naitrojeni, na kwa bei yake hilo si dogo.

Mkiani kabisa ziko zile za zumu, yaani za kubadilisha ukuzaji, zenye lenzi nyekundu zinazometameta. Wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kufika jichoni, ndiyo maana ndege unamwona amegeuka kibluu. Nyingi hazijazibwa. Hata ukipewa bure, mwachie mtoto.

Ukishanunua, adui mkubwa ni mkono wako. Kupangusa vumbi kwa pindo la kanga au fulana ni kupiga lenzi msasa. Puliza kwanza kwa kipampu cha mpira, pitisha brashi laini, ndipo utumie dawa ya lenzi na kitambaa chake. Iliyopigwa na chumvi, kama imezibwa, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na kuharibu mpira, kwa hiyo nawa viganja kabla ya kuishika. Usiiache kwenye dashibodi juani, na barabara ya makorongo ivae kifuani badala ya kuining'iniza kwenye kioo cha gari.

Pwani usiifungie ndani ya mkoba wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kufuga kuvu. Itie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Vikishanyonya unyevu, vibadilishe.