Homa ya mtoto: duka la dawa au zahanati?

Mtoto akichemka usiku Mbagala, Dar es Salaam, duka la dawa liko jirani, halina foleni, na muuzaji atakukatia vidonge kwa pesa uliyonayo. Hatari iko hapo hapo: nusu dozi ya antibayotiki haiponyi, inazalisha usugu wa vijidudu dhidi ya dawa, na homa isiyopimwa yaweza kuwa malaria.

Zahanati ya serikali inakula nusu siku. Mama akifunga genge, jioni hakuna unga. Ila kuna kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto ya kuitibu na rufaa, na kisera watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Dawa zikiisha unatumwa dukani na cheti, jambo linaloniuma sana. Bado nachagua zahanati. Akipata degedege, usingoje kukuche: kimbilia hospitali ya Temeke.