pg_verifybackup: uzoefu wangu wa kuhakiki nakala rudufu, Lubumbashi hadi Likasi

Ninasimamia hifadhidata ya depo moja ya dawa hapa Lubumbashi: stoki, mauzo, madeni ya wateja, tarehe za dawa kuisha muda. Tunatumia PostgreSQL 16, programu ya kusimamia hifadhidata. Nakala rudufu hatuzitumi kwa intaneti, maana vifurushi ni ghali na laini haitabiriki. Tunazibeba kwenye diski ya nje hadi tawi letu la Likasi, kilomita kama 120. Kwa hiyo kila mara najiuliza: kilichofika Likasi ndicho kilichotoka hapa?

Anayenijibu ni pg_verifybackup, programu ndogo ya kuhakiki nakala rudufu. Ilikuja na PostgreSQL 13 mwaka 2020 na ni ya bure. pg_basebackup, programu ya PostgreSQL inayotengeneza nakala, ikimaliza kazi huacha faili iitwayo backup_manifest, yenye jina la kila faili, ukubwa wake na cheksamu yake (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili yakibadilika ijulikane). pg_verifybackup huishika orodha hiyo na kupita faili moja moja. Iliyopotea, iliyozidi, iliyopungua, iliyobadilika hata biti moja, zote huzitaja kwa jina. Halafu huangalia kama WAL (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo PostgreSQL huiandika) itakayohitajika wakati wa kurejesha ipo na inasomeka.

Siku moja umeme ulikatika tukiwa katikati ya kunakili kwenda kwenye diski. Uliporudi, folda ilionekana imekamilika, majina yote yako mahali pake. Niliendesha amri:

pg_verifybackup /mnt/likasi/nakala

Ikataja faili mbili chini ya base/ (folda yenye data yenyewe), na kwa kila moja ukubwa uliopo kwenye diski na ule ulioandikwa kwenye orodha. Havikulingana. Kwa macho hakuna ambaye angeligundua hilo kati ya mamia ya faili zenye majina ya tarakimu tupu. Diski haikupanda gari mpaka tuliponakili upya. Tangu hapo mwenzangu wa Likasi naye huendesha amri hiyohiyo diski ikifika, kabla hajanipigia simu. Kwake pia tumeweka toleo la 16, kwa sababu ukaguzi wa cheksamu haujali toleo lakini ule wa WAL unajali.

Sasa mipaka yake, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Programu hii inalinganisha nakala na orodha, basi. Kama data ilikwisha kuharibika ndani ya seva kabla ya kunakiliwa, nakala itapita bila neno. Kwa hilo washa cheksamu za kurasa, yaani vipande ambamo data huhifadhiwa, kwenye seva yenyewe (toleo la 18 huziwasha lenyewe unapoanzisha hifadhidata mpya), na tumia pg_amcheck, programu ya kutafuta uharibifu ndani ya hifadhidata, iliyokuja na toleo la 14. Pia haikagui ruhusa za faili. Diski yetu inatumia mfumo wa faili wa exFAT, ambao haihifadhi ruhusa za Linux. Nakala hupita vizuri kabisa, kisha PostgreSQL hukataa kuwaka mpaka uihamishie kwenye diski ya ext4, mfumo wa faili wa Linux, na kuipa folda chmod 700 (amri inayomruhusu mwenye folda peke yake). Ujue hilo mapema, si usiku ambao depo imesimama.

Cheksamu ya kawaida, CRC32C, inatosha kwa ajali za diski na nyaya. Ukihofia mtu kuchezea data kwa makusudi, chagua SHA256, cheksamu iliyo ngumu kughushi, na uweke backup_manifest mahali pengine, mbali na nakala.

Kinachonikera ni nakala za tar, yaani faili nyingi zilizofungwa pamoja kuwa moja. Katika toleo letu lazima uzifungue kwanza, na hiyo inakula nafasi na muda. Toleo la 18 la mwaka 2025 limepunguza usumbufu huo: hukagua faili zikiwa ndani ya tar, ila WAL yake bado halikagui.

Naipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayesafirisha nakala kwa diski. Sisi, kila mwezi, baada ya uhakiki kupita, Likasi huirejesha nakala kwenye kompyuta ya akiba, hujumlisha mauzo ya siku ya mwisho, na kunisomea jumla kwenye simu huku nikiwa nimefungua daftari la kaunta.