TAHADHARI: Kuna muuza lenzi za macho hapa Dodoma, haulizi cheti wala vipimo

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa akina dada mnaotafuta lenzi kwa ajili ya harusi na sendofu, naomba msome hili kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Navaa miwani tangu kidato cha pili. Jicho la kulia namba yangu ni -3.50, la kushoto -2.25. Sendofu ya mdogo wangu ilipokaribia nikasema safari hii picha napiga bila miwani. Kuna dada anauza lenzi WhatsApp, kila siku anaweka kwenye statasi: rangi ya asali, kijivu, kijani. Nikamwandikia namba zangu zote mbili. Akajibu, "Zipo mpenzi, lipia nikutumie na boda." Shilingi 45,000, pamoja na maji ya kusafishia. Hakuuliza nimepimwa lini, hakuuliza kama nimewahi kuvaa lenzi, cheti hakukitaja kabisa. Mimi nikaona ndiyo urahisi wenyewe.

Boda alinikuta Nyerere Square, akanikabidhi mfuko mweusi. Ndani mna chupa mbili ndogo za kioo zenye kizibo cha mpira na bati juu, na kichupa cha plastiki kisicho na maandishi yoyote. Chupa zote mbili zimebandikwa stika ya -3.00. Nikampigia. Akasema hiyo ni namba ya katikati, macho yatazoea. Kisha akanitumia sauti ya maelekezo, ninayo mpaka leo: maji ya kwenye kichupa yakipungua niongezee maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, na nikichoka naweza kulala nazo tu, wateja wake wote wanalala nazo.

Nikalala nazo. Tulirudi kutoka ukumbini saa saba usiku, nimechoka, hata wanja sikutoa. Asubuhi jicho la kulia likawa kama limeingia mchanga. Hapa kwetu upepo ukivuma kila mtu analalamika vumbi, na mimi nikadhani ni hilo. Nikanawa uso kwa maji ya simtanki lenzi zikiwa bado ndani. Mchana jicho likawa jekundu, machozi hayakatiki, mwanga wa dirishani unachoma. Nikatoa lenzi, nikapitia duka la dawa, nikapewa matone. Siku ya pili mdogo wangu akaniangalia akashtuka: juu ya weusi wa jicho pana doa jeupe, dogo kama punje ya ulezi.

Hospitali, daktari wa macho alinidondoshea dawa ya rangi ya chungwa akamulika kwa taa ya bluu. Palipoumia panang'aa kijani. Kilikuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, kile kinachofunika mbele kabisa. Swali lake la kwanza lilikuwa nimeweka matone gani. Kumbe matone mengine yana steroidi. Yanapunguza wekundu, mgonjwa anaona amepona, huku vijidudu vinazidi kuchimba. Akanikwangua kidogo kuchukua sampuli, akataka na lenzi zenyewe na maji yake vipimwe. Dawa ilikuwa kila saa moja, mchana na usiku, kwa siku mbili za mwanzo. Tuliweka alamu, mama akawa ananiamsha. Nimepona, namshukuru Mungu, lakini kimebaki kikovu, na taa za magari usiku nikiziangalia kwa jicho lile zinatawanyika.

Sasa niwaambie nilichoelezwa pale, maana ndicho nilichopaswa kuambiwa na aliyechukua hela yangu.

Kioo cha jicho hakina mishipa ya damu. Hewa yake kinaipata moja kwa moja kutoka nje. Ukivaa lenzi umekifunika, ukilala nazo umefunika mara mbili, kinachoka na vijidudu vinapata njia. Na maji, jamani, maji! Ya bomba, ya kisima, ya simtanki, hata hayo ya kunywa, hayagusani na lenzi kamwe. Kuna kiumbe kidogo kinaitwa Acanthamoeba, kinaishi kwenye maji na udongo, kikiingia jichoni matibabu yake ni ya miezi na watu wamepoteza kuona. Kwa hiyo lenzi haioshwi kwa maji wala mate, na haivaliwi ukioga au ukiogelea. Inaoshwa kwa maji yake maalumu, yenye lebo na tarehe, yanayomwagwa yote kila baada ya kutumika na kuwekwa mapya. Kuongezea juu ya yale ya jana ni kosa lilelile. Kikopo cha kuhifadhia nacho hubadilishwa angalau kila miezi 3.

Na kuhusu namba: cheti cha miwani peke yake hakitoshi. Miwani inakaa mbali kidogo na jicho, lenzi inakaa juu yake, hivyo kwa namba kubwa, kuanzia kama 4.00, nguvu ya lenzi hubadilika. Tena mtaalamu anapima mkunjo wa jicho lako na machozi yako, anakuvalisha ya majaribio aone inavyokaa, na hakuruhusu kuondoka mpaka umeweza kuivaa na kuitoa mwenyewe. Halisi huandikwa kwenye boksi lake nguvu, mkunjo, kipenyo na tarehe ya kwisha. Mimi stika ya chupa yangu niliiloweka nikaibandua. Chini yake kuna tarehe ya kwisha ya 2022. Na hizo za urembo zisizo na namba, msidhani zina nafuu. Zinakaa juu ya jicho lilelile.

Sisemi lenzi ni mbaya. Daktari kaniambia jicho likitulia naweza kuvaa za siku moja, unavaa asubuhi unatupa jioni, zinafaa hasa kwa vumbi la huku. Ila nitapimwa kwanza.

Jina la yule dada siandiki, kwa sababu ukurasa ameshaubadilisha jina mara mbili tangu nimtumie picha ya jicho langu. Hakujibu, akaniblok. Mtamjua kwa chupa zenye stika, kichupa kisicho na lebo, na haraka ya kutaka hela.

Kama umevaa zake sasa hivi, nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, zitoe. Jicho likiuma, likiwa jekundu au ukiona ukungu, nenda kwa daktari wa macho leoleo, na ubebe lenzi na maji yake. Usipitie dukani kununua matone.

Lenzi ni kifaa tiba, na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wana ofisi hapahapa Dodoma. Jumatatu nawapelekea chupa zangu, stika na ile sauti. Kama na wewe uliuziwa, usitupe kitu. Niandikie, twende wote.